Asante kwa Lipi?

Kati ya barua zilizofika mezani kwangu tangu toleo lililopita, nyingi zimegusa jambo moja: namna ya kutendeana wema na namna ya kuushukuru. Nimechagua sita. Majina ya waandishi nimeyaacha, na mambo machache nimeyabadilisha ili jirani asimtambue jirani yake.

*Shikamoo, Shangazi. Tangu mama mkwe wangu apatwe na kiharusi, yapata miaka minne sasa, mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha na ninayeamka usiku kumgeuza. Mume wangu si mtu mbaya, lakini sijawahi kusikia neno "asante" likitoka kinywani mwake, wala kwa mawifi zangu wanaokuja kumsalimu mama yao na kuondoka. Siku niliyolalamika, wifi yangu mkubwa aliniambia, "Tenda wema nenda zako." Tangu siku hiyo najiuliza kama ni dhambi kutaka kushukuriwa.*

Marahaba, mwanangu. Si dhambi. Methali uliyotajiwa ni njema, ila aliyekutajia hakuwa na haki ya kuitumia. Inamfaa mtenda wema anapojisemea mwenyewe moyoni, ili asikae akihesabu fadhila zake kama mwenye duka anavyohesabu madeni. Haikutungwa ili mpokeaji ajifutie wajibu wake. Tena inamzungumzia mtu anayeweza kutenda kisha akaenda zake. Wewe huna pa kwenda: ukishamgeuza mama saa nane za usiku, saa kumi unarudi pale pale.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, aliandika juzuu saba nzima kuhusu kutoa na kupokea fadhila, na katika mengi aliyoyasema hili ndilo ninalolikumbuka zaidi: aliyetoa asahau mara moja, na aliyepokea asisahau kamwe. Hizo ni sheria mbili za watu wawili tofauti. Nyumba nyingi huingia matatani pale kila mmoja anapoishika sheria ya mwenzake, mtoaji akawa ndiye mwenye kukumbuka na mpokeaji akawa hodari wa kusahau.

Kutaka kushukuriwa si majivuno pia. Mwaka 2010 watafiti Adam Grant na Francesca Gino walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa wamsaidie mwanafunzi kurekebisha barua yake ya kuomba kazi. Baada ya msaada huo, baadhi yao walijibiwa kikavu tu kwamba maoni yao yamepokelewa, na wengine wakaongezewa maneno ya shukrani. Kisha wote wakaombwa msaada wa pili. Miongoni mwa walioachwa bila shukrani, asilimia 32 walikubali kusaidia tena, na miongoni mwa walioshukuriwa walikubali asilimia 66. Mimi nilivutiwa zaidi na sababu yake. Walioshukuriwa hawakurudi kwa kujiona hodari zaidi wa kazi, bali kwa kujiona kwamba wana thamani kwa mtu fulani. Wewe unachokikosa, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, ni hicho. Sifa unaweza kuishi bila kuzipata.

Sasa niruhusu nimtetee mume wako kidogo, kabla hujaikunja karatasi hii. Mwaka 2018 Simeon Floyd, Nick Enfield na wenzao walichapisha utafiti wa mazungumzo ya kila siku baina ya ndugu, marafiki na majirani katika lugha nane za mabara matano. Walihesabu zaidi ya mara 1,000 ambapo mtu aliomba kitu au msaada na akapewa, na wakakuta kwamba aliyepewa alitamka shukrani kiasi cha mara moja tu katika kila mara ishirini. Hata wasemaji wa Kiingereza, wanaosifika kwa kushukuru kila hatua, hawakufikisha mara moja kati ya sita, na katika lugha ya Cha'palaa ya nchini Ekuado haikupatikana hata mara moja. Watu hao wote hawakuwa wakorofi. Waliombana, wakapeana, maisha yakaendelea, kwa kuwa baina ya watu wa karibu kupewa huonekana ni sehemu ya kuishi pamoja. Kwa hiyo ukimya wa nyumbani si lazima uwe dharau.

Hata hivyo, kupokezana kisu jikoni ni jambo moja, na kumlea mgonjwa asiyejiweza kwa miaka minne ni jambo lingine kabisa. Nashuku kwamba mume wako hashukuru kwa sababu haoni. Anachojua ni kwamba "mama anahudumiwa", na kitenzi hicho cha kutendwa kina ubaya wake, maana kinamficha mtendaji. Chakula kinapikwa, shuka zinafuliwa, mama anageuzwa. Ukisikiliza nyumba inayozungumza hivyo utadhani kazi zinajifanya zenyewe.

Ndiyo maana sikushauri umwombe asante. Mwombe zamu. Mwamshe saa nane za usiku, bila ugomvi, umwambie, "Leo nifuate nikuonyeshe." Aone jinsi mkono mmoja unavyopita chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, jinsi mto unavyowekwa katikati ya magoti ili mifupa isisuguane, na jinsi unavyopitisha kiganja juu ya shuka kutafuta kunjo hata dogo, kwa sababu kunjo hilo likikaa chini ya mgongo wa mtu asiyeweza kujigeuza linaweza kuanzisha kidonda. Kisha mwachie usiku mmoja kwa wiki uwe wake. Mawifi nao wapewe siku zao. Anayekuja kusalimu anaweza pia kuogesha. Akishageuza mara tatu kwa mikono yake, neno litamjia lenyewe, na likichelewa, walau utakuwa umelala. Nasema hivi kwa makusudi, mwanangu, kwa sababu nimewahi kuona familia zikimmiminia mlezi shukrani tele mbele ya wageni ili aendelee kuchoka peke yake.

*Shikamoo, Shangazi. Nilipokuwa sekondari niliacha shule kwa mwezi mzima nikawa nabeba mizigo. Mwalimu wangu wa hisabati alinifuata nyumbani mara tatu. Mara ya tatu alinyeshewa na mvua njia nzima, akakaa na baba bila kunigombeza, na alipoondoka akasema, "Nitakuja tena kesho." Kesho yake nilirudi darasani. Sasa ni miaka 23 imepita, nina kazi na familia, na mwalimu bado yu hai. Nimeanza kumwandikia barua mara nyingi nikaichana. Naona nimechelewa mno, sina ufundi wa maneno, na naogopa atadhani kuna kitu ninachokitaka.*

Marahaba, mdogo wangu. Mwandikie wiki hii. Hofu zako zote tatu zinafahamika vizuri, na Amit Kumar na Nicholas Epley walizipima katika utafiti walioutoa mwaka 2018. Waliwataka watu waandike barua ya shukrani kwa mtu aliyewafaa maishani, wakawauliza wanadhani mpokeaji ataionaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walikosea kwa namna ile ile karibu kila mara: walidhani mpokeaji hatashangazwa sana, walidhani ataona aibu na kukosa raha kuliko alivyoona, na walikisia furaha yake chini ya ilivyokuwa. Chanzo cha kosa hilo kinakuhusu wewe moja kwa moja. Mwandishi huhangaikia ufundi, kama maneno yamepangika na kama yanatosha. Mpokeaji hatazami ufundi, hutazama upendo uliomfanya mtu akae chini aandike. Kwa hiyo hizo barua ulizozichana, mwalimu angezipenda zote.

Kuhusu maneno yenyewe, nitakueleza jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolifikiria. Neno letu "asante" lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni "umetenda vema". Limetoka katika shina lile lile lililotupatia neno "hisani". Maana yake ni kwamba asante, kwa asili yake, haisemi "nimepata". Inasema "umetenda". Inamtazama aliyefanya, wala haimtazami aliyefaidika. Sisi tumeizoea hadi imekuwa sauti tu ya kufungia mazungumzo, lakini mtu akiirudisha kwenye maana yake huona mara moja anachopaswa kuandika.

Haya nayo yamepimwa. Sara Algoe na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, walisikiliza wapenzi wakishukuriana na kutenganisha shukrani za aina mbili. Moja ilieleza manufaa aliyoyapata msemaji: nimepumzika, nimefurahi, nimeokoa muda. Nyingine ilimsifu mtendaji kwa kile alichokifanya: ulijitolea, ulifikiria mbele, huwa una moyo wa namna hii. Aliyeshukuriwa kwa namna hii ya pili ndiye aliyehisi kwamba mwenzake amemwelewa na anamjali. Ile ya kwanza haikuleta tofauti hiyo, na si ajabu, kwa sababu ukiichunguza utaona kwamba msemaji bado anajizungumzia mwenyewe.

Mimi nililijua hili kwa kosa langu. Nilipofiwa na mama yangu nilikaa nje ya kazi wiki tatu, na niliporudi nikakuta daftari langu la kumbukumbu, ambalo kwa kawaida hudai saa nzima kila jioni, limejazwa hadi siku ile. Lilikuwa limejazwa kwa mwandiko wa kulala wa mwenzangu aliyekaa meza ya pili, na pembeni mwa kila ukurasa aliokuwa na shaka nao alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli, ili nije niamue mwenyewe na nikishaamua nifute. Nilimwambia, "Asante kwa kila kitu." Ndivyo nilivyowaambia pia mamia ya watu waliokuja msibani, wakiwemo wale waliokaa dakika tano. Nilizifuta alama zile moja baada ya nyingine, na siku zote nilizozifuta sikuwahi kumtajia hata moja. Ilinichukua miaka kumi na mmoja kumwambia kwamba niliziona. Alichonijibu nitakieleza mwishoni mwa safu hii.

Kwa hiyo barua yako isijae "umenisaidia sana" na "sitakusahau daima". Iwe na mvua. Unaweza kuianza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni yule kijana uliyemfuata nyumbani mara tatu mwezi ule nilipoacha kuja shuleni. Mara ya tatu ulifika umelowa, ukakaa na baba, na hukunigombeza. Ulipoondoka ulisema utarudi kesho, nami nikaona haya kukufanya utembee tena njia ile. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka, na nimeandika ili ujue kwamba safari ile haikupotea." Kisha mweleze kwa sentensi mbili tatu unafanya kazi gani na watoto wako wanaitwa nani. Usiahidi kumlipa, kwa maana ahadi ya malipo huigeuza barua kuwa hati ya deni. Wala usitie ombi lolote ndani yake, hata la kumtembelea. Hilo la kumtembelea liache lije kwa barua ya pili, na hofu yako ya tatu itakuwa imejibiwa. Ama kuhusu kuchelewa, mwalimu aliyestaafu hana anachokihitaji zaidi ya kusikia habari za mwanafunzi wa miaka 23 iliyopita. Ungemwandikia mwaka uliofuata, angedhani ni adabu tu.

*Shangazi, binti yangu ananihimiza niwe na daftari la kuandika kila siku mambo matano ninayoyashukuru. Je, lina maana au ni mtindo tu wa vijana?*

Lina maana, kwa kiasi chake. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambayo ndiyo yaliyolipa daftari hilo umaarufu. Katika jaribio mojawapo, kwa wiki kumi, kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki hadi mambo matano ya kushukuru, kundi la pili likaandika kero, na la tatu likaandika matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, na wiki iliyokuwa mbele yao waliitazamia kwa matumaini makubwa zaidi. Zingatia lakini kwamba waliandika mara moja kwa wiki. Sonja Lyubomirsky na wenzake walipolinganisha baadaye wanaoandika mara moja kwa wiki na wanaoandika mara tatu, faida ilionekana kwa wale wa mara moja, kwa sababu jambo linalorudiwa mno hugeuka kuwa kazi ya nyumbani, na mtu akaanza kuandika "afya, familia, hewa" huku akipiga miayo. Andika Jumapili, andika machache, na kila linapowezekana jambo hilo liwe na mtu ndani yake. Ukishaliandika, funga daftari ukamwambie mtu huyo, kwa kuwa yeye halisomi.

*Shikamoo, Shangazi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba mdogo ndiye aliyenisomesha. Namheshimu na kila mwezi namtumia chochote ninachoweza. Tatizo ni kwamba hakuna mkutano wa ukoo unaopita bila yeye kusimama na kusema, "Huyu bila mimi angekuwa wapi?" Nikinyamaza husema nimekuwa na majivuno, na mwaka jana mbele ya mke wangu alisema shukrani ya punda ni mateke. Nimefika mahali simpendi tena, na hilo linaniumiza kuliko maneno yake.*

Marahaba, mwanangu. Kiswahili kina neno kamili la jambo hili, nalo ni masimango, na kuwa nalo ni ushahidi kwamba waliotutangulia walilijua vyema. Kusimanga ni kumrudishia mtu wema uliomtendea kwa njia ya kumchoma nao. Wema uliosimangwa hubaki kuwa wema, ada zililipwa na ulisoma, hilo halifutiki. Lakini ladha yake hubadilika kinywani mwa aliyeupokea.

Usijilaumu kwa kuona upendo unapungua. Philip Watkins na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba kushukuru na kujiona mdaiwa ni mambo mawili, tena huenda kinyume. Waliwapa watu visa vya kusaidiwa, na kadiri msaidizi katika kisa alivyoonekana kutarajia malipo zaidi, ndivyo wasomaji walivyojiona wanadaiwa zaidi na kushukuru kidogo zaidi. Mwenye kushukuru humsogelea aliyemtendea wema. Mwenye kudaiwa humkwepa, kama ambavyo sote tunabadilisha njia tukimwona tunayemdai… nisamehe, anayetudai. Baba mdogo anadhani anakumbusha shukrani, kumbe kila anaposimama anaipunguza.

Hata hivyo sidhani kwamba anataka fedha zaidi. Mzee anayerudia jambo lile lile kila mkutano mara nyingi anasema kwamba hajasikia likisemwa na mwingine. Unamtumia fedha kila mwezi; je, umewahi kusimama wewe, mbele ya ukoo ule ule, ukasema aliyoyafanya kabla hajayasema mwenyewe? Simaanishi "nawashukuru wazee wote". Namaanisha aliuza nini, alikosa nini, ni muhula gani alipokuja shuleni na viatu vyake vimechanika ili vyako viwe vizima. Wewe unayajua, mimi siyajui. Liseme mara moja, kwa ukamilifu, kwa sauti inayofika nyuma. Nimeona wazee wakinyamazishwa na heshima ya namna hiyo, kwa sababu kilichokuwa kikiwasumbua kimeshahifadhiwa mahali salama, yaani katika kumbukumbu ya mtu mwingine.

Asiponyamaza baada ya hapo, mwendee faraghani, wewe na yeye tu, umwambie kwa adabu kwamba fadhila zake unazijua na utazitaja daima, lakini mbele ya mkeo na wanao hutaki zitajwe kwa njia ya kukudhalilisha. Kushukuru hakumwondolei mtu haki ya kusema hivyo. Na kile unachomtumia kila mwezi endelea kukituma kama mtoto kwa baba, usikihesabu kuwa ni marejesho, kwa maana ukianza kuhesabu utakuwa umeingia katika daftari lile lile analolishika yeye.

*Shangazi, nilikuwa mtu wa huruma. Wiki iliyopita mzee mmoja aliangusha bahasha ya karatasi kwenye ngazi za ofisi, zikatawanyika, nami nikaziruka nikapita kwa kuwa nilikuwa nimechelewa kikao. Nilipokaa kikaoni nikagundua kwamba kikao chenyewe kilihusu namna ya kuwahudumia wateja vizuri zaidi. Nimebadilika lini?*

Huenda hukubadilika; huenda ulikuwa na haraka tu. Kisa chako kinafanana mno na jaribio ambalo John Darley na Daniel Batson walilitangaza mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari huko Princeton, Marekani, vijana waliokuwa wakisomea uchungaji, wakawatuma jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipangiwa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwa ameketi mtu mlangoni, ameinamisha kichwa, akikohoa na kugumia. Watafiti walikuwa wamewaambia wengine kwamba muda upo, wengine kwamba wafike sasa hivi, na wengine kwamba wameshachelewa. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kusaidia. Kati ya wale wa katikati, asilimia 45. Kati ya waliochelewa, asilimia 10. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kuaminika, na wapo waliomruka mgonjwa ili wawahi kuhubiri habari za aliyemsaidia mgonjwa. Kwa hiyo kikao chako kuhusu huduma bora kina wenzake.

Simaanishi kwamba haraka ni kisingizio. Ninachosema ni kwamba hukumu unayoipitisha juu ya moyo wako ungeipitisha kwanza juu ya saa yako. Mtu aliyepanga vikao vyake bila hata dakika kumi katikati ameamua mapema, tangu asubuhi akinywa chai, kwamba hatamsaidia yeyote siku hiyo. Kilichobaki ni kujua atakayempita ni nani. Ondoka mapema dakika kumi. Pia, kama bado unamwona mzee yule ofisini, mwambie, "Siku ile karatasi zako zilipoanguka nilipita, na nimejutia." Atashangaa, pengine atacheka, na unaweza kukuta alishakuona.

*Shangazi, swali fupi. Nikishukuriwa huwa nasema "si kitu". Mke wangu anasema nawavunja watu moyo. Ni kweli?*

Mkeo ana hoja. "Si kitu" ni neno la unyenyekevu, na baada ya jambo dogo halina ubaya wowote. Lakini mtu akikujia amejiandaa, amemeza mate, akakutajia jambo ulilolifanya na ambalo amelibeba moyoni kwa muda mrefu, ukimjibu "si kitu" unamwambia kwamba amebeba mfuko mtupu. Mwache amalize. Mtazame. Mwambie, "Nimefurahi umeniambia," ikiwa kweli umefurahi.

Yule mwenzangu wa meza ya pili nilipomtajia alama zake za penseli baada ya miaka kumi na mmoja, hakusema "si kitu". Aliweka kikombe chini, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Ukurasa wa bohari ulikuwa sawa? Ule ndio ulionisumbua."